Wajomba wa Mbwa wa Koboko

Kuna watu Mungu aliwapa mikono ya kulima, wengine akawapa mikono ya kushona. Swaka wa Mvara alimpa mdomo, kisha akasahau kuufungia breki.

Asubuhi moja Swaka alikuwa amekaa kwa kinyozi chini ya Arua Hill, mlima wanakokaa wakubwa wa mji wa Arua. Hakuja kunyolewa. Alikuja kuchaji simu kwa umeme wa watu. Kwenye simu hiyo alikuwa anatazama Mzungu mmoja aliyemkumbatia mbwa kwa nyuma, kama mtu anayemtoa mlevi mtaroni. Mzungu akaizungusha shingo ya mbwa, shingo ikalia ka! Mbwa akapiga miayo. Mwenye mbwa akalia machozi ya furaha, akalipa. Swaka alirudia video hiyo mara kadhaa, kila mara akianzia pale pa kulipa.

Alipoinua macho, riziki yake ilikuwa inapita barabarani ikichechemea.

Ilikuwa ni Jenerali, mbwa wa kizungu wa Madam Driwaru, mke wa mkubwa mmoja wa huko juu mlimani. Mjue Arua Hill ina desturi zake: mtu akipata cheo hununua mbwa kwanza, halafu ndipo anakumbuka ada ya shule ya watoto wa marehemu kaka yake. Jenerali alilishwa chipsi na soseji, kwa sababu posho, yaani ugali wa mahindi, alisema Madam, ni chakula cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa mwembamba kama fimbo yake. Mbwa alikuwa mnene kama gunia la simsim, na mguu wa nyuma ulikuwa unaburuzika.

Swaka aliondoka kwenye kiti, akaiacha simu kwenye chaja.

"Madam, samahani sana. Unamtibu huyu mguu?"

"Ndiyo, napaka dawa. Kwa nini?"

"Unamwonea bure. Mguu ni mjumbe tu. Anayetuma ujumbe ni mgongo."

Madam Driwaru akasimama. "Wewe ni nani?"

"Dokta Swaka. Mnyoosha uti wa mgongo wa wanyama wa nyumbani. Nimerudi juzi tu kutoka Nairobi." Nairobi yenyewe alikuwa ameiona kwenye kalenda.

Shida ilikuwa moja: ule mlio. Shingo ya mbwa hailii kwa sababu umeiomba, na ukiilazimisha, mbwa ana meno ya kukujibu. Lakini Swaka alikulia nyumba ya kula enyasa, ugali wa muhogo, na mtoto wa nyumba hiyo anaujua muhogo mkavu, ule unaoanikwa juu ya mwamba kabla ya kusagwa unga. Alificha kipande kiganjani, akamkumbatia Jenerali kwa upole wa mkwe mpya, akageuza kichwa chake kidogo, akauvunja muhogo.

Ka!

"Umesikia, Madam? Pingili ya tano imerudi nyumbani."

"Yesu wangu! Nimesikia!"

"Sasa asile chipsi, mafuta yanateleza kwenye pingili. Na kila asubuhi atembezwe mpaka juu ya mlima, pingili zizoeane."

Baada ya muda Jenerali alipungua, akaanza kukimbiza mbuzi wa watu. Mtu yeyote mwenye akili angesema mbwa amepona kwa kuacha chipsi. Lakini akili na mbwa wa kizungu ni nadra kukaa nyumba moja. Madam Driwaru alitangaza kanisani, harusini, hata kwenye matanga, na mlima mzima ukagundua kwamba una mgongo. Kontrakta Acidri alileta paka. Mwalimu mkuu mmoja alileta bata mzinga ambaye, kwa maoni yake, shingo ilikuwa ndefu kupita kawaida. Afande mmoja mstaafu alileta kobe. Kobe naye alinyooshwa. Wapi, Mungu ndiye shahidi.

Msimdhanie Swaka kwamba alikuwa anaiba kwa tamaa tu. Alikuwa anaiba kwa mapenzi. Alitaka kumuoa Latifah, binti wa Hajji Obeti muuza vitambaa. Mahari ilikuwa imekamilika isipokuwa kitu kimoja kizito, ng'ombe wa mjomba, yule anayepewa kaka wa mama wa binti. Bila ng'ombe huyo hata kahawa ya ndoa haichemshwi. Kuhusu kazi, Hajji aliambiwa tu kwamba Swaka "ananyoosha migongo". Migongo ya nani, Hajji hakuuliza, na Swaka alikuwa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumsalimu.

"Swaka, mimi nimechoka kungoja," Latifah alimwambia. "Ijumaa wajomba zangu wanakuja. Wakikuta kamba bila ng'ombe, utaoa kamba."

Basi Alhamisi Swaka akaenda Koboko, ambako alisikia ng'ombe ni nafuu. Akapata mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mnyama wa kumtoa mjomba yeyote machozi. Akalipa, akamshika kamba, akaanza kumpeleka kwenye lori la kurudi Arua. Alitembea kifua mbele. Mahari ilikuwa mkononi mwake, inatafuna majani.

"Dokta! Dokta ya mugongo!"

Mwanamke mnene wa kitenge cha njano alikuwa amesimama kwenye geti la lojing yake ya kulaza wageni, kando ya barabara iendayo mpakani Kaya. Jina lake lilikuwa Natalina. Kwanza alimtazama Swaka, kisha akamtazama mtamba, na mtamba alimtazama muda mrefu zaidi.

"Mama, umenijuaje?"

"Nani hakujui? Shemeji yangu iko Arua, alikuona na Jenerali. Ee Dokta, Mungu amekuleta. Mbwa yangu iko na shida. Tangu juzi hainuki."

"Mama, lori linaningoja."

"Ukimsimamisha kwa mkono yako, ile dume pale ni ya wewe."

Nyuma ya ua palikuwa na dume la nundu, shingo nene kama shina la mwembe. Mtu mwenye busara angepanda lori na mtamba wake, akamshukuru Mungu, akaoa. Swaka akamfunga mtamba kwenye nguzo ya geti.

Mbwa alikuwa jike la kawaida la rangi ya vumbi, limelala kwenye veranda. Jina lake Watachoka. Huko watu humpa mbwa jina ili wamtumie jirani salamu bila kufungua mdomo. Maneno yalikuwa ya jirani, mbwa aliyabeba tu.

Swaka akapiga magoti, akapapasa. "Aha. Pingili ya tatu imekosana na ya nne. Zimenuniana."

"Zipatanishe, Dokta."

Akakumbatia, akageuza, akavunja muhogo. Ka!

Watachoka akashusha pumzi ndefu. Ulimi ukatoka. Miguu yote minne ikanyooka, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Natalina akainama kumtazama.

"Dokta," Natalina akasema taratibu, "amenyooka sana."

"Anapumzika, Mama."

"Na ulimi nje?"

"Ulimi pia unapumzika."

Swaka, ambaye hakuwahi kutafuta mapigo ya moyo ya kiumbe chochote, akashika mkia. Mkia haukuwa na habari. Hapo Natalina akatupa mikono kichwani, akapiga kilio ambacho hata ng'ombe wa sokoni walikiitikia.

Kabla kilio hakijafika barabarani, wanaume wawili walikuwa wamekwishaingia getini na fimbo zao: mmoja mzee, Lodu, na mwingine kijana wa mabega mapana, Lukudu. Walivyowahi, ungedhani walikuwa wanangoja nyuma ya choo. Majirani wakafuata na simu zao juu.

"Iko wapi mutu alivunja shingo ya mtoto yetu?" Lukudu akauliza.

"Mtoto gani?"

"Huyu hapa. Sisi ni wajomba ya marehemu."

Swaka akacheka. Alikuwa peke yake.

"Kijana," mzee Lodu akasema kwa upole wa kutisha, "mama ya huyu mbwa iko kwetu, Kaya. Natalina alikuja kuchukua mtoto, akatoa kuku. Kwenu Arua mutu anachukua mtoto ya mbwa bure?"

Swaka alijua hachukui. Mbwa wa bure halindi nyumba. Hata mama yake mwenyewe alitoa kuku.

"Kuku ikitoka, undugu inaingia. Sasa, mtoto ya dada akifa, mjomba anakula nini?"

"Ng'ombe," Swaka akajibu. Mdomo ulishatoka kabla yeye hajafika.

"Mmesikia?" Lodu akawageukia majirani. "Amesema mwenyewe. Kijana ya heshima."

"Lakini mzee wangu, huyu ni mbwa!"

"Mbwa?" Lukudu akashika kiuno. "Wewe dokta yake unasema mbwa? Mutu mzima, na mashati yako ya kupiga pasi, unakumbatia yeye mbele ya watu, kumbe ni mbwa tu?"

Majirani wakaangua kicheko. Mama mmoja akaketi chini kabisa.

"Kama hutaki ya wajomba, iko polisi," Lodu akaendelea. "Twende pole pole. Utawaambia ulisoma wapi hii kazi."

Swaka akaitazama barabara ya polisi. Akamtazama Madam Driwaru akilini mwake, na kontrakta, na yule afande wa kobe, ambaye bado alikuwa na bastola. Kisha akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba, akamkabidhi mzee Lodu kwa mikono miwili.

"Poleni na msiba," akasema.

"Asante, mwanangu. Umefanya kama mutu."

Alifika kituo cha malori hana ng'ombe, hana hamu. Akanunua chapati kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kushika. Mkaanga chapati akamwuliza kisa, naye, kwa vile mdomo haukubadilika, akasimulia chote.

"Mbwa ya Natalina?" mkaanga chapati akageuza chapati yake. "Imekufa tena?"

"Tena vipi?"

"Ndugu yangu, hiyo mbwa imekufa mbele ya malori mpaka madereva ya Juba wanapita hapa kama wanabeba mayai. Imefundishwa kufa. Akisikia Natalina analia, anajua kuna nyama jioni."

Swaka alirudi mbio na chapati mkononi. Watachoka alikuwa amesimama verandani, anatafuna mfupa. Mtamba hakuwepo. Lodu na Lukudu hawakuwepo. Natalina alikuwa anafagia.

"Mama, mbwa amesimama!"

"Bwana asifiwe, Dokta. Nami nashangaa."

"Nipe ng'ombe wangu!"

"Iko Kaya saa hii. Ng'ombe ya msiba hairudi nyuma, inaleta msiba ingine."

"Basi nipe dume! Ulisema akisimama."

"Nilisema akisimama kwa mkono yako. Kwa mkono yako alilala. Alisimama wajomba walipopewa ng'ombe." Akaegemea ufagio. "Tena hiyo dume ni ya jirani. Mimi nilikuwa naisifu tu."

Swaka alifungua mdomo. Kisha akaujaza chapati, akarudi kituoni.

Ijumaa, Mvara. Wajomba wa Latifah walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, wamevaa kanzu safi. Swaka alifika kwa miguu, kanzu yake imepigwa pasi, hana hata kamba. Alikuwa ametunga maneno njia nzima: wezi wa mpakani, ugonjwa wa miguu na midomo, daraja lililovunjika. Lakini Hajji Obeti alikuwa ameshika simu, na ndani ya simu kulikuwa na kicheko cha Koboko.

"Swaka," Hajji akasema, "ng'ombe wa mjomba yuko wapi?"

"Hajji, nilimnunua. Wallahi nilimnunua."

"Najua. Nimemwona. Mwekundu, na doa jeupe. Mnyama mzuri. Ulimtoa?"

"Nilimtoa, Hajji."

"Kwa nani?"

Swaka akatazama viatu vyake.

"Kwa wajomba, baba," Latifah akajibu kutoka mlangoni. "Kwa mikono miwili, mbele ya watu wote."

Wajomba wa Latifah wakatazamana. Mmoja akavuta kiti chake nyuma kidogo, mbali na ile mikono.

Hajji Obeti akazima simu, akashika ndevu, akafikiri kama mtu anayepima kitambaa. "Basi desturi ni desturi," akasema. "Mwanamume akitoa ng'ombe kwa wajomba mbele ya mashahidi, huyo ameoa. Sisi si watu wa kutenganisha ndoa ya mtu. Gari la Koboko linajaza abiria sasa hivi, Swaka. Usimchelewee mkeo."

"Na umsalimie," Latifah akasema, akivuta pazia. "Mwambie nampa pole."