Baiskeli ya Kiberiti

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mjukuu wangu wa kike, tunayemwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka upesi, ameanguka tena uani. Akaisukumiza baiskeli ukutani, akalala chini akirusha mateke. Na huyu ndiye aliyenifundisha kuandika. Kila nilipotupa kalamu, aliiokota akanirudishia.

Nikafanya tulichofanyiwa sote utotoni. Nikachukua mwiko, nikaichapa ile baiskeli. Shika adabu, mshenzi wewe, unaangusha mtoto wa watu. Kiberiti akanyamaza. Nikajiona bingwa.

Kumbe ameanza kulia upya, kwa sauti ndogo. Akasema nisiipige, ni ya baba yake.

Mwanangu aliinunua mwezi mmoja kabla hatujamzika. Mwiko umevunjika. Mboga nimekorogea uma.

Jumatano, tarehe 5

Fundi cherehani wa jirani, pini zimejaa mdomoni, ameshauri nimwache mtoto akasirike mpaka amalize, kisha nimuulize kinachomuuma. Nikamwambia ashone nguo za watu alizozikalia tangu mwezi jana.

Mbinu yangu: mito miwili, mmoja tumboni, mmoja mgongoni, nikaifunga kwa shuka. Ameshindwa hata kupanda. Mtaa mzima umecheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, tarehe 7

Ameanguka, amewaka. Nikakaa naye chini, kwa kuishiwa mbinu tu. Machozi yalipokauka akasema si goti linalouma. Baba aliahidi atashika tandiko, hatamwachia. Halafu akamwachia.

Nikakosa pa kuangalia. Nikasema basi nitashika mimi. Fundi alikuwa dirishani, akatabasamu. Tabasamu hilo nitamlipa.

Jumapili, tarehe 9

Nimekimbia nimeshika tandiko. Kandambili ikakatika, nikaenda chini kifudifudi. Nilipoinua kichwa, Kiberiti yuko mwisho wa uchochoro, peke yake, anakwenda. Mgongo wa baba yake kabisa. Nikalia na mchanga mdomoni.

Akarudi. Nikangoja anilaumu kwamba na mimi nimemwachia. Akaninyanyua, akanifuta uso, kisha akaiokota kandambili akaichapa makofi. Shika adabu, unaangusha bibi wa watu.

Akasema kesho nipumzike, ataenda mwenyewe. Nikamjibu vizuri, mama.

Sasa yuko bafuni, namsikia akiimba. Nimetoka uani, nikalitoa upepo gurudumu la nyuma. Kidogo tu, baiskeli iyumbe. Kesho itabidi atafute mtu wa kumshikia.