Theluji Bado, Mwalimu Tayari

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimepata kazi! Yaani, karibu nipate.

Vituo vya ski kule milimani vinapokea walimu wanafunzi. Nimesoma mwenyewe kwenye simu asubuhi nzima, mpaka ikazima. Unaishi pale pale, unakula, unafundishwa kuteleza kwenye theluji, kisha na wewe unafundisha matajiri wasianguke. Ufaransa: viza. Kanada: viza, tena baridi isiyo na huruma. Andora: sijui iko upande gani. Lakini Lesotho! Iko huku huku Afrika, na Juni hii theluji inaanguka. Malori ya shaba yanatoka hapa Kolwezi mpaka Durban, na Lesotho iko pembeni ya njia tu. Nashangaa mji mzima haujahamia.

Yaya Ndaya, dada yangu mkubwa anayenilaza kwake, bado hajui. Leo tena amesema: Jumapili ikifika sina kazi, napanda lori la Sandoa, nikalime mihogo kwa mjomba Kabemba. Eti watoto wake wamechoka kulala jikoni wakati mi peke yangu nina chumba. Ni kweli. Lakini mwalimu anahitaji utulivu.

Nimewaandikia Lesotho.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Wamejibu! Wanataka video, wanione nimesimama kwenye ski, nateleza. Ni hiyo tu? Hawa watu hawajui wamempata nani.

Ski tayari. Mbao mbili za paleti, mshumaa umepakwa chini, mpira wa tairi wa kufungia miguu. Mlima nao si shida. Kolwezi tuna vilima vingi vya udongo uliotupwa na migodi. Nimechagua mlima wenye wachimbaji, kwa sababu ni mrefu na watazamaji wapo. Sijawahi kuupanda. Vumbi linaniharibia viatu.

Simu nzuri anayo Akram, jirani, ambaye baba yake ana malori. Akram anajiona sana. Nilipomwomba anirekodi akauliza kama nimewahi kuona theluji. Nikamuuliza kama yeye amewahi kuona Durban, na bado anajiita msafirishaji. Akakubali! Atakuja Alhamisi, lori lao litakuwa linapakia chini ya mlima ule ule.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimenunua filimbi. Katika kila video niliyoangalia, mwalimu ana filimbi shingoni. Nimefanya mazoezi uani: magoti mbele, makalio nyuma, kama mtu anayetafuta choo gizani. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Yaya Ndaya akauliza kama nimeingia polisi ya barabarani. Nikamwambia asubiri Jumapili, atanisindikiza kwa machozi ya furaha. Akasema machozi anayo, furaha ndiyo anaitafuta.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mambo!

Nilipanda. Juu kulikuwa na wachimbaji kama soko, na magunia yao yamepangwa kila kundi upande wake, shaba ya kijani huku, kobalti nyeusi kule. Akram alisimama chini na simu. Nikafunga miguu. Nikavuta pumzi. Nikapiga filimbi, ndefu, ya mwalimu kabisa.

Nani angejua! Kule machimboni filimbi ni kitu kimoja tu: walinzi wa mgodi wamefika kuwafukuza, okoa roho yako. Mtu akapaza sauti kwamba wanakuja, "Banakuya!" Kilima kizima kikakimbia. Majembe chini, ndoo chini, magunia yanaviringika, mengine yanapasuka, nyeusi juu ya kijani. Bwana mmoja alinipita hewani. Nikawaita warudi, nikaona sauti haifiki, nikapiga filimbi tena. Hapo hata waliokuwa wamejificha wakakimbia.

Mi nikateleza. Kwa tumbo.

Akram aliendelea kurekodi mpaka mwisho. Ndio ubaya wake, anamaliza kazi.

Wachimbaji wakarudi. Tata Banza, mkubwa wa shimo, yule wanamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, alinishika kola bila haraka. Akauliza mi ni mtoto wa mji gani nisiyejua filimbi. Nikasema Kolwezi, nimezaliwa hapa. Hilo ndilo lililomkasirisha. Hukumu: kesho nachagua tena madini yote yaliyochanganyika, na kushusha kila gunia mpaka kwenye lori. Peke yangu.

Video nimewatumia Lesotho hivyo hivyo. Mwanzo wake ni mzuri.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mgongo! Nimechagua mawe tangu asubuhi, mikono imekuwa ya kijani. Gunia la kwanza nililibeba nikilia. La pili nikalifunga juu ya ski nikaliachia. Likashuka, vuuu, likasimama mguuni pa lori! La tatu, vuuu! Wachimbaji wakaacha kazi wakapiga makofi. Kabla ya jua kuzama magunia yote yalikuwa chini.

Tata Banza akatazama zile mbao kwa muda mrefu. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, akanipa kazi. Kazi! Kila siku niteremshe magunia kwa mbao zangu, malipo kila Jumamosi, kuanzia kesho.

Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba mwalimu wa ski habebi mizigo. Nikasema ningekubali cheo cha Mkurugenzi wa Kituo, koti jekundu, na wanafunzi wa kuanzia. Akacheka akapangusa macho. Kazi akampa Akram, aliyekuwa pale kwenye lori lao.

Maskini Akram. Atachakaa.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Akram amemwambia yaya Ndaya kila kitu. Yaya akaniuliza kama ni kweli, kazi ililetwa mpaka mkononi nikaikataa. Nikasema ilikuwa kazi ndogo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa, akasema polepole kwamba alimwahidi mama atanitunza, na amechoka. Afadhali angenipiga mwiko. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia kuhusu Lesotho. Akaenda kukunja nguo zangu.

Jioni Lesotho wakajibu. Wananishukuru. Wanauliza kama wale watu waliokuwa wakikimbia wako salama. Ski miguuni hawakuziona, kwa sababu miguu ilikuwa juu. Wanashauri, kwa heshima zote, nianzie mahali tambarare, pasipo na mteremko wowote, halafu niwaandikie tena.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nipo juu ya lori, katikati ya magunia ya chumvi. Yaya Ndaya amenifungia bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, akageuza uso nisione machozi. Niliona. Watoto walikuwa wanaingiza godoro chumbani kabla injini haijawaka. Niliwapungia mkono mpaka tulipotoka mjini.

Halafu nikainamia dirisha la dereva, nikamuuliza Sandoa ikoje. Akasema kwa mjomba wangu ni tambarare tupu, mihogo mpaka macho yanachoka. Kilima hakuna. Hata kichuguu ni cha kutafuta.

Nimemwomba aongeze mwendo.