Kigari Kilichorudi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Mwalimu Mkuu atachagua mkuu wa idara ya sayansi. Tupo wawili: mimi wa fizikia, na shemeji yangu wa kemia, kaka wa mke wangu. Shemeji anapendwa na kila mtu, hata na mke wangu. Lazima ashuke.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Migongano! Kitu kikigonga kingine kilichosimama chenye tungamo, yaani uzito, sawa nacho, nishati isipopotea, cha kwanza husimama papo hapo, cha pili huondoka na mwendo wote. Nitapanda kigari chenye springi mbele, nimgonge shemeji kwenye kigari chake, Mwalimu Mkuu akitazama. Mimi nitasimama kwa heshima zangu. Yeye ataishia kwenye maua, miguu juu.
Nimemwomba anisaidie. Kakubali, kisha akauliza kama nimekula. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Mke kaniambia kaka yake ni mara nne yangu kwa uzito. Nikamwomba aniachie sayansi. Akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi
Ole wangu. Kidato cha tatu walinisukuma kwa moyo wote. Nilipomgonga, shemeji alisogea taratibu kama bwana harusi anayeingia ukumbini, akipunga mkono. Mimi nilirudi kinyumenyume, mbio, mpaka kwa Mwalimu Mkuu. Momenta, ile nguvu ya mwendo, haikupotea hata chembe. Sehemu yake iliishia kwenye kifundo cha mguu wa Mwalimu Mkuu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu Mkuu kaja na mkongojo. Alitaka kunisimamisha kazi. Shemeji akasimama mbele yangu.
“Tulipanga wote wawili,” akasema. “Ukimwadhibu yeye, na mimi niadhibu.”
Cheo kapewa mwalimu wa baiolojia. Shemeji alikuwa amekingoja tangu mwanawe wa kwanza azaliwe. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanivutia kiti tu. Nyumbani mke aliendelea kukunja nguo. Afadhali angefoka.

Jumapili, 9 Machi
Majuto hayanipi usingizi. Ila kosa nimeliona: ni tungamo tu. Mwalimu wa baiolojia ni mwembamba kama mimi, tunalingana hasa. Nimemwalika apande kigari kwenye kipindi changu kesho. Kakubali, maskini.
Shemeji kasema atanisukuma yeye mwenyewe.