Bi. Sumie Aseme Mwenyewe

Mambo ya Eikichi yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa Aprili, saa nne na robo asubuhi, ingawa yeye alidhani ndiyo kwanza yanamnyookea. Alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi, uso umejaa povu, aliposikia mzee wa kiti cha pili akinung'unika.

"Yeni elfu saba kila mwezi za televisheni ya kulipia! Kutazama watu wazima wakigombana na kimpira kwa rungu. Na besiboli yenyewe siipendi. Aliyeipenda ni marehemu."

"Si uikate, Mzee Nishiwaki," kinyozi akasema.

"Nimeipigia kampuni simu mara tisa. Mkataba una jina la mke wangu, basi lazima Bi. Sumie aseme mwenyewe. Nikawaambia Bi. Sumie ni majivu, yumo kwenye chungu. Nikawapelekea na cheti cha kifo. Unajua walifanya nini? Walimwandikia yeye barua, wakampa pole kwa msiba."

Ndivyo walivyo wakubwa. Mlango wa kuingilia wanaujenga mpana kama wa stesheni, wa kutokea wanautoboa kwa sindano, kisha wanakaa upande wa pili wakinywa chai.

Eikichi akafuta povu kwenye mdomo. Huyu bwana aliishi kwa aibu za wenzake. Osaka imejaa watu ambao kumuaga bosi wao uso kwa uso ni kheri wafe, na Eikichi aliwaagia kwa malipo: kazi, mchumba, chama cha kuimba. Lakini televisheni ndiyo ilikuwa shamba lake. Alishagundua kwamba mteja wa siku nyingi akitishia kuondoka, kampuni humtupia zawadi. Basi yeye alitishia kwa jina lako, akachukua zawadi, akakuacha ulipokuwa.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya asali, "Bi. Sumie atasema."

Alasiri ile ile alifika kwa mzee akiwa na Fumi, mwanamke aliyewahi kuigiza sauti redioni mpaka redio ikamchoka. Mbele ya picha ya marehemu palikuwa na kibakuli cha wali, na kando yake bahasha za kampuni, zimepangwa vizuri, hata moja haijafunguliwa.

"Mbona hufungui?" Fumi akauliza.

"Si zangu. Zina jina lake." Mzee akaziweka sawa, ingawa zilikuwa sawa. "Serikali imeshamfuta. Hospitali imemfuta. Majirani hawamtaji, wanaona watanitonesha. Hawa wezi ndio peke yao wanaomwandikia bado."

"Basi usikate, baba."

"Nisipokata nile nini? Tangu Februari ni wali na figili ya chumvi." Akamgeukia Eikichi. "Nikikata, barua zitakoma?"

"Zitakoma kabisa!" Eikichi akasema, akidhani anamfurahisha. "Mzee, hebu tuchemshie chai."

Mzee akaenda jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa karatasi. Fumi akaipigia kampuni, akajitaja kuwa ndiye Bi. Sumie.

"Bi. Sumie!" sauti ya kampuni ikasema kwa mahaba. "Miaka kumi na saba! Tumekukosea nini?"

"Nimechoka, mwanangu," Fumi akakohoa kizee.

"Tukikupa televisheni mpya, inchi hamsini na tano, utakaa nasi miaka mitatu mingine?"

Eikichi akatikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikalia.

"Nitakaa. Ila tumehama." Fumi akasoma anwani ya Eikichi kwenye kiganja chake.

"Hongera kwa nyumba mpya! Huduma itakufuata huko huko."

Mzee akarudi na chai. "Imekatika?"

"Imekufa na kuzikwa," Eikichi akasema, kisha akaitazama picha na kutamani angechagua neno lingine. Mzee akamlipa, akainama kumshukuru. Aliinama muda mrefu kidogo kuliko desturi.

Ijumaa wachukuzi walileta televisheni, wakafunga na dishi. Eikichi alikuwa na haraka, mnunuzi yuko njiani.

"Muhuri hapa, bwana. Na hapa. Na hapa."

Akagonga mitatu bila kusoma, kama mtu anayepokea kapu la machungwa. Mnunuzi akaja, akaikagua televisheni nyuma, akasoma kibandiko: mali ya kampuni mpaka miaka mitatu iishe. Akaondoka bila kuaga. Ndipo Eikichi akazisoma karatasi. Ya kwanza, amepokea. Ya pili, yeye ndiye mlipaji. Ya tatu, hatajitoa.

Akapiga simu hadi sikio likawaka moto.

"Pole sana, bwana," ikasema sauti ile ya mahaba. "Mwenye mkataba ni Bi. Sumie. Lazima aseme mwenyewe."

Mwisho wa mwezi mlango ukagongwa. Mzee Nishiwaki huyo, na mfuko wa karanga. Nyuma yake Fumi.

"Kuna barua ya mke wangu?" mzee akauliza, huku anavua viatu.

"Mzee! Kumbe ulisikia?"

"Mimi niliishia darasa la sita, mwanangu. Lakini walioniuzia dudu hili mwaka ule waliniletea karatasi tatu, nami nikagonga mihuri mitatu. Ningekohoa tu pale jikoni, ningekuokoa." Akakaa mbele ya televisheni. "Kifua kilikuwa kizima."

"Fumi, nakuomba, piga simu tena! Kata!"

"Sauti imekauka," Fumi akasema, akitafuna karanga.

Kwenye televisheni uwanja mzima ukanguruma. Mzee, ambaye besiboli haipendi, akasimama nusu, akakaa tena. Bahasha mpya ya kampuni, iliyofika kwa Eikichi, ilikuwa magotini. Aliigeuza, akalipapasa jina, kisha kwa mara ya kwanza akaifungua. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno:

"Mpendwa Bi. Sumie. Baada ya miaka yote hii, bado uko nasi?"