Gari-Nyumba Lenye Taa Mbili

Fundi Asali hakuitwa Asali kwa sababu ya mikono. Mikono yake ilikuwa ya kawaida, tena spana humshinda. Ni ulimi. Ulimi ule ungekuuzia kivuli chako mwenyewe, na wewe ukaomba na risiti. Watu walifika gerejini kwake na taa moja nyekundu kwenye dashibodi, wakaondoka wamebadilishiwa nusu ya gari, na bado wakamshukuru.

Lakini mjanja naye ana pa kubanwa. Yeye na mkewe walikuwa wakiishi sebuleni kwa mama mkwe, kila mmoja na kochi lake, na mama mkwe alikatiza hapo kila alfajiri na ndoo ya pumba kwenda kulisha kuku. Ndoa gani hiyo, jamani. Asali angetoa chochote kupata chumba chenye mlango unaofungwa.

Basi siku hiyo likaingia gerejini gari-nyumba. Kuukuu, refu, lina kitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia ya maua. Akateremka mama wa makamo, injini akiiacha inanguruma.

"Mwanangu, nisaidie. Taa mbili zimewaka, zimekataa kuzima. Na mzee wangu kalala huko nyuma, mgongo haumpi nafasi."

Asali akachungulia. Taa ya breki na taa ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka usoni gari likigonga. Akapapasa chini ya kiti cha dereva: soketi ya waya imechomoka kidogo. Akafungua boneti: mafuta ya breki yamepungua. Kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Moyo ukamruka kwa furaha, uso akauvisha msiba.

"Mama, umeendesha hii kutoka mbali?"

"Mbali sana."

"Basi mshukuru Mungu. Breki zimekufa. Na huu mfuko wa hewa umechanganyikiwa, unaweza kukulipukia umekaa zako kwenye foleni."

Mama akajishika mdomo. "Inatengenezeka?"

"Vipuri vyake havitoki tena. Ningekuwa mwanao wa kumzaa, nisingekuruhusu uguse huo usukani. Niachie mimi, nitaikatakata iwe vyuma chakavu."

"Nikuachie kifo? Mtoto wa mwenzangu? Hapana, baba. Nitajibu nini mbele ya haki?"

Hapo Asali akaanza kubembeleza. Tazama dunia ilipofika: mwizi anamsihi mwenye mali akubali kuibiwa, na mwenye mali anakataa kwa huruma. Aliapa. Akasema hatalisogeza hata hatua. Akasema mafundi wamezoea hatari. Mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Na sisi tutaondokaje? Mzee yule hata kusimama ni shida."

Asali akatupa jicho uani. Pale ilisimama pikapu nyeupe ya kupelekea madukani mayai ya mama mkwe. Mama mkwe ndiye aliyeinunua, ila siku ya harusi aliiandikisha kwa jina la mkwewe, ili kijana naye aonekane mtu. Mayai yangeweza kusubiri, sebule haikuweza.

"Chukueni hiyo, tubadilishane."

"Breki zake?"

"Nzima."

"Na injini?"

"Kwa hiyo pikapu, mama, sina la kukuficha," akajibu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa anasema kweli.

Wakabadilishana kadi za magari na funguo. Mzee wa mgongo akashuka, akabeba mtungi wa gesi kwa mkono mmoja, akautupia kwenye pikapu, ndipo akakumbuka kuguna. Asali alimwona kabisa. Ila mtu mwenye furaha haoni anachokiona.

Pikapu ilipopotea, akaongeza mafuta ya breki na kuisukuma soketi mpaka ikalia tak. Taa ya breki ikazima. Ile ya mfuko wa hewa ina kinyongo: hata ukiitimizia haki yake, haisamehi mpaka uifute kwa mashine. Akachomeka kimashine chake, akaifuta. Dashibodi ikawa nyeusi, safi. Akampigia mkewe simu.

"Funga mizigo. Leo tunalala kwetu."

Alikuwa anapinda kuingia kwa mama mkwe gari lilipokohoa. Mvuke ukafuka kwenye boneti, injini ikazima, na gari likaziba geti lote. Akazungusha ufunguo. Zikawaka taa mbili tu, ya breki na ya mfuko wa hewa.

Hata anayejifunza udereva anajua kwamba ukifungua swichi, taa zote za onyo huwaka kwanza, zijionyeshe kuwa zi hai, ndipo zizime. Ya joto iko wapi? Ya oili? Akabandua dashibodi kwa bisibisi. Nyuma yake kulikuwa na mashimo matupu. Balbu zilikwisha kung'olewa, zikaachwa mbili za kumnasa yeye. Bingwa wa kutishia watu kwa taa zinazowaka hakuwahi kujiuliza kuhusu zisizowaka. Yule mama hakuwa akitafuta fundi. Alikuwa akitafuta tapeli, na alielekezwa vizuri.

Kushtaki? Angeanzia wapi kueleza?

Mama mkwe akatokea mlango mdogo na trei ya mayai mkononi.

"Pikapu iko wapi?"

Ulimi ukaingia kazini. "Mama, nimefanya mpango wa maendeleo ya familia..."

"Nimeuliza pikapu."

"Nimebadilishana na hii," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka mimi na mwanao tupate kwetu."

Mama mkwe akalizunguka gari, akachungulia kitanda, akagusa boneti, akaondoa kidole upesi. Nyuma yake mke wa Asali alikuwa amesimama na masanduku mawili. Akalitua la mumewe chini, la kwake akalirudisha ndani. Hilo lilimuuma Asali kuliko pikapu.

"Hongera," mama mkwe akasema. "Umepata kwako, lala humo. Mkeo utamchukua siku nyumba yako itakapotoka getini pangu. Na mayai yaende madukani kama kawaida."

"Kwa gari gani, mama?"

Akamkabidhi trei.

"Kwa miguu. Miguu haina taa."