Farasi wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mjukuu wangu Bayel alizaliwa At-Bashi mwishoni mwa kiangazi na mpaka leo sijamtia machoni. Mke wangu Saikal amekwenda, amekaa, amerudi. Anasema mtoto ana masikio yangu. Basi masikio yangu yako huko milimani, nami niko hapa Balykchi nasikiliza upepo.

Kwenda siwezi. Niliapa. Siku ya harusi ya binti yetu Begayim, mkwe wangu Sydyk, baba wa bwana harusi, alichinja kondoo, nyama ikagawiwa. Mfupa wa nyonga, ambao ni haki ya mgeni mwenye heshima, ukaenda kwa kaka yake. Mimi, baba wa bibi harusi, nikawekewa mfupa wa mkono, ambao hupewa vijana. Nikasimama mbele ya watu, nikasema sitakanyaga kwa Sydyk mpaka aje mlangoni kwangu aniite kwa mdomo wake. Hajaja, na Begayim na mtoto wanaishi nyumbani kwake.

Ila leo nimepata akili. Kila Jumapili At-Bashi kuna mnada wa mifugo, na mnada si nyumba ya Sydyk. Nitakwenda kununua farasi. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Begayim atasikia, atakuja na mtoto, tutakutana kama kwa bahati. Kiapo kizima, mjukuu nimemwona.

Nikamweleza Saikal habari ya farasi tu. Aliendelea kukanda unga. Kisha akauliza farasi huyo atalala chumba gani, maana sisi tunakaa ghorofa ya tatu.

Nikasema nakwenda kuangalia bei.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilihitaji gari. Jirani yetu Turdubek analo, bovu lakini linatembea. Nikamwambia kwa siri. Amesema atanipeleka mwenyewe na mafuta ni juu yake, kwa kuwa mzee anayenunua farasi ni mzee ambaye bado anaitaka dunia.

Siri hiyo ilifika mchana, ikala na watu chakula. Jengo zima linajua. Bibi Batma wa ghorofa ya chini alipanda ngazi na magoti yake mabovu kuniletea hatamu ya marehemu mumewe. Akasema imening'inia ukutani miaka yote ikingoja farasi. Nilipotaka kukataa, machozi yakamlengalenga. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nina majirani wema. Wananimaliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya mazoezi ya uso wa mshangao mbele ya kioo. Nyusi juu, mdomo wazi kidogo: "Ah, Begayim, na wewe uko hapa?" Saikal alipita nyuma yangu, akaniuliza kama ni jino.

Zawadi ni tatizo. Mtu asiyejua atamkuta nani anabebaje zawadi? Lakini nimenunua kofia ndogo nyeupe ya manyoya ya kondoo, nikaificha ndani ya kiatu cha mvua. Saikal akaiona. Akataka kujua farasi ninayemtaka ana kichwa kidogo kiasi gani.

Jioni nikamkuta anafunga maandazi, jamu ya aprikoti na blanketi alilofuma mwenyewe. Nikauliza ni vya nani. Vya farasi, alisema.

Jumamosi, 11 Oktoba

Theluji imeanguka kwenye mlima Dolon, ulio njiani. Turdubek anasema gari lake halipendi theluji, lakini limeshazoea kufanya lisiyoyapenda, kama yeye.

Nilimwomba Saikal ampigie Begayim simu, amdokezee tu, juujuu, kwamba kesho nitakuwa kwenye lango la mnada. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema: "Baba yako anakuja kumwona mtoto, ila anaona haya, kwa hiyo anasema anataka farasi."

Nikamuuliza huko ndiko kudokeza? Akasema mtandao ulikuwa mbaya, ilibidi aseme waziwazi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerudi usiku.

Tulivuka Dolon salama. Mnadani ni tope, mvuke na kondoo wenye mikia mizito. Nikasimama langoni na hatamu ya Bibi Batma begani. Begayim hakuonekana. Nikanyoosha shingo kila alipopita mwanamke aliyebeba mtoto.

Sasa, mtu mwenye hatamu begani mnadani si mtazamaji. Muuza farasi mmoja akaja na jike la kijivu akanisifia meno yake. Mimi naangalia juu ya bega lake, naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, namtafuta mwanangu. Mara akaushika mkono wangu akautikisa. Kule ukishatikisa mkono, umenunua. Watu wakanipongeza. Turdubek akanikumbatia. Akaanza kumvalisha yule jike hatamu.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu: "Mkwe, huyu farasi ametuzidi umri sote wawili."

Alikuwa Sydyk. Amekonda. Alimvuta muuzaji pembeni, wakanong'ona, muuzaji akacheka, akanirudishia mkono wangu kwa kuutikisa upya. Farasi akaondoka zake. Sijapata kumshukuru mtu namna ile, na sikuwa tayari kumwambia.

Sydyk akasema mtoto ana mafua kidogo, Begayim kabaki naye nyumbani, twende. Nikasema anajua nilichoapa. Akainamisha kichwa. Siku ile ya harusi, alisema, sinia liligawiwa na mpwa wake, yeye alikuwa nje na moto, hakuona kitu mpaka niliposimama kusema.

"Nilikuja Balykchi," akasema. "Majira ya aprikoti. Nikalizunguka jengo lenu kutwa. Nikaogopa utanifukuza mbele ya majirani. Nikarudi."

"Ungepanda tu," nikamwambia. "Ghorofa ya tatu."

"Na wewe ungekuja tu."

Kiapo kilikuwa bado kimesimama kati yetu kama ng'ombe. Turdubek, Mungu ampe maisha, ndiye aliyesema gari lake lina milango minne, nami leo tangu alfajiri ndimo ninamoishi. Nikamtazama Sydyk. Nikaingia, nikafunga mlango. Sydyk akavua kofia, akagonga kioo.

"Mkwe Omurzak, upo? Nimekuja kukuita nyumbani kwangu."

Nikajibu nipo. Nikafungua mlango.

Begayim alinipokea kizingitini, akaniegemezea paji la uso begani. Bayel alikuwa macho. Masikio ni yangu kweli, maskini. Kofia ilimfunika mpaka puani, akalala humohumo. Sydyk akaniletea mfupa wa nyonga kwa mkono wake. Nikakata nyama yake ya kwanza nikamlisha yeye. Begayim alinimiminia chai nusu kikombe, tena nusu, tena nusu. Kikombe kikijazwa, mgeni anaagwa. Changu hakikujazwa mpaka Turdubek alipokuja kusema theluji inafunga njia ya mlimani.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka nikiwa na shukrani kwa kila mtu. Kwa Turdubek, kwa Bibi Batma, ambaye nimemrudishia hatamu na kumwambia imefanya kazi kubwa. Kwa Sydyk. Kwa Saikal, ambaye hajaniambia "nilikwambia", ingawa anaitafuna mdomoni tangu juzi.

Sydyk alisema mlango uko wazi, nije siku yoyote, sihitaji sababu. Begayim alisema hivyohivyo.

Lakini mwanamume hawezi kwenda tu. Wataona namlilia mtoto. Kwa hiyo leo asubuhi nimemwambia Turdubek jino linaniuma, na nimesikia mganga bora wa meno yuko At-Bashi. Mpango mwepesi, hauna farasi, hauna hatamu.

Kufika adhuhuri, Turdubek ameniletea habari njema: shemeji yake anang'oa meno, hapahapa Balykchi, mtaa wa nyuma. Saikal amekwisha kunichukulia nafasi. Kesho saa tatu asubuhi. Wamehangaika sana kwa ajili yangu, siwezi kuwavunja moyo.

Si kitu. Litang'olewa. Kisha nitasema kumbe lililokuwa linauma ni la pembeni yake, na hilo ni la mganga wa At-Bashi.