Kihispania Kisicho na Uwongo

Idara ya Lugha za Wageni ilitangaza, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikipiki, kwamba mji wa Faza umeingia rasmi katika Zama za Kihispania. Wafadhili kutoka Uhispania walikuwa njiani kuja kuuzindua mtambo wao wa kusafisha maji ya chumvi. Kwa hiyo yeyote apikaye, abebaye au atabasamuye mbele ya mgeni sharti apate cheti cha Kihispania cha Matumizi, la sivyo kibali chake kitafutwa. Mkurugenzi, Bwana Kamaludin, alijitunuku cheti cha kwanza, daraja la juu, kabla masomo hayajaanza. Alitaka kutoa mfano.

Bi Mwanamkisi alijiandikisha siku hiyo hiyo. Alikuwa mjane aliyewalea wanawe kwa kibali cha kupikia wageni, na kazi nyingine hakuwa nayo. Kila jioni baada ya Maghrib alikaa dawati la mbele, tasbihi mkononi, akimsikiliza Mwalimu Jepchirchir, aliyejifunza lugha hiyo kwa masista wa Kihispania kwao bara.

Shida ilianzia ukurasa wa kwanza.

"Sema: Naitwa Carlos. Nina mbwa wawili. Naishi Madrid."

"Hiyo si ndia yangu, mwalimu, sisemi uwongo. Mimi Mwanamkisi. Mbwa sina, na huko sijafika."

"Ni mazoezi tu, mama."

"Na malaika anayeandika, naye yuko mazoezini?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Kubali uwe Carlos mpaka Isha tu, Bi!" alisema Obeid, mwendesha pikipiki. "Mimi ni daktari wa meno tangu jana, na dhambi sijaiona."

"Utaiona, mwanangu. Haina haraka."

Basi mwalimu akamtungia sentensi za kweli. Alichungulia dirishani, akaandika alichokiona. *No hay agua*: hakuna maji. *El jefe no está*: mkubwa hayupo. Bi Mwanamkisi alizikariri kama nyiradi, na kwa kuwa zilibaki kweli kila siku, hazikumtoka kichwani.

Wageni walifika kwa boti ya kasi kutoka Mokowe, wakapelekwa kwenye kibanda kilichopakwa rangi asubuhi hiyo. Mtambo haukuwamo. Lilikuwamo pipa lililofunikwa kitambaa cheupe, na itifaki ilikuwa imeamua kwamba kitambaa kifunuliwe na mheshimiwa mwingine, siku nyingine. Mwalimu aliamriwa akae kando, ili matunda ya mpango yaonekane.

"Utafasiri wewe, Bi Mwanamkisi," Bwana Kamaludin alimnong'oneza. "Kibali chako ninacho hapa mfukoni, bado hakijapigwa muhuri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bwana."

"Mtambo huu," akanguruma mkurugenzi, "unainywesha Faza nzima, usiku na mchana!"

Bi Mwanamkisi aliitazama ncha ya kibali ikichungulia mfukoni. Akaziwaza sufuria zake. Alikipekua Kihispania chake chote, asione mahali pa kuutia uwongo ule. Akasoma bismillahi kimoyomoyo.

"*No hay agua*," alisema.

Bwana Kamaludin, mwenye daraja la juu, akaitikia kwa kichwa kwa fahari, kisha kwa neno pekee la Kihispania alilolijua, la "ndiyo". "*Sí!*" Akaendelea: "Na mimi mwenyewe niko hapa kila siku, nausimamia!"

"*El jefe no está.*"

"*Sí, sí!*"

Kiongozi wa wageni, Bi Pilar, alivua miwani. Akakivuta kitambaa. Akaligonga pipa, likalia tupu. Kisha akamgeukia mkurugenzi, akamuuliza maswali mawili marefu, polepole.

"*Sí! Sí!*" alijibu Bwana Kamaludin, mikono miwili kifuani. Wafanyakazi wa Idara wakapiga makofi, kama ratiba ilivyoelekeza.

"Amemuuliza nini?" Bi Mwanamkisi alimnong'oneza mwalimu.

"Kama ni yeye aliyetia saini kwamba mtambo umefika. Na kama yuko tayari kwenda nao Nairobi sasa hivi, akawaeleze wakubwa wao huo mtambo uko wapi."

Wageni walimsindikiza mpaka gatini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Bwana Kamaludin, aliyejua bila shaka kwamba anakwenda kutunukiwa, aliwapungia watu mkono. Kwa furaha yake akautoa muhuri wa Idara, ambao hakuuacha ofisini kamwe, akakigonga kibali juu ya mgongo wa Obeid aliyesimama karibu, akamkabidhi Bi Mwanamkisi.

"Umenifasiri vizuri mno, Bi. Nikuletee zawadi gani huko niendako?"

"Maji, Bwana."